Kidole Gumba Kilichoniunguzia Spika

Shemeji alikuwa kwenye kamba, mita 20 nyuma ya boti, magoti kayakunja, ubao unachana maji. Mimi nilikuwa kwenye usukani, jicho moja mbele, jingine kwenye kioo. Nikamwona ameachia mkono mmoja, akainua kidole gumba.

Nikatabasamu, nikaizungusha nobu ya sauti.

Akainua tena, safari hii akikipandisha-pandisha kama mtu anayesisitiza jambo. Nikaongeza tena. Mpwa wangu, aliyeketi kiti cha nyuma, chini kabisa ya mnara, ile fremu ya mabomba iliyobeba spika juu ya boti, akaziba masikio kwa viganja viwili. Nikampa ishara avumilie kidogo, baba yake anaburudika.

Ndipo spika ya kushoto, ile ya nje, ilipoanza kukwaruza. Haikupasuka wala haikupiga kelele. Ilikwaruza kama mtu mwenye mafua anayelazimisha kuimba, ikatoa "tss" moja ndefu, ikanyamaza. Tulipozima injini nilipanda mnarani nikaweka pua kwenye wavu wake. Vanishi iliyoungua. Ukishainusa mara moja harufu hiyo, huisahau.

Ni wiki kadhaa sasa. Spika nimeshabadilisha, waya nimeshabadilisha, na amplifaya pia. Lakini kuna swali lililokuwa likinirudia kila nikijilaza: amplifaya yangu ilikuwa ndogo kuliko spika zake. Iliwezaje kuiunguza moja?

Ndogo imeuaje kubwa?

Mnara wangu ulikuwa na spika nne. Kila moja iliandikwa omu 4, yaani ukinzani wake kwa umeme, na wati 100 za kudumu, yaani zile inazozibeba muda mrefu bila kulalamika. Amplifaya ilikuwa ya chaneli mbili, spika mbili kwa kila chaneli, na kwa mzigo huo kijitabu chake kiliahidi wati 120 kwa chaneli. Gawanya mwenyewe: wati 60 kwa spika. Spika ya 100 inalishwa 60, na bado inakufa.

Fundi niliyempelekea hakupoteza muda. "Amp ndogo ndiyo inayoua spika, bosi. Funga kubwa, utasahau."

Kauli hiyo nimeisikia miaka yote. Nimeisema mwenyewe, tena kwa sauti ya mjuzi, kwa watu walioniuliza. Siku ile, maiti ya spika ikiwa mkononi mwangu, ndipo ilipoanza kunikera. Sijapata kusikia mtu aliyezama kwa sababu maji yalikuwa machache.

Nikarudi nayo, nikaifungua.

Ganda moja la spika ya mnara lina mbili ndani yake: koni ya sauti za chini na za kati, na twita, ile ndogo ya trebo, yaani sauti kali za juu. Koni ilikuwa nzima. Niliisukuma kwa ncha za vidole ikaenda na kurudi bila kukwama, na mita ikasoma omu 3.4, ambayo ni hali njema kwa koili ya spika ya omu 4. Twita ndiyo iliyokuwa imekufa. Nilipokivuta kiwambo chake, koili ikatoka nacho: kipete chepesi, waya wake mwembamba kama unywele. Upande mmoja ulikuwa bado na rangi ya shaba. Upande wa pili ulikuwa mweusi, vanishi imepukutika, mizunguko mitatu minne imeachana na wenzake na kusimama kama nyuzi za shuka lililochanika.

Nilikaa nikikitazama kile kipete muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Maana hicho ndicho kinachobeba trebo yote. Na zile wati 100 za kwenye sanduku ni za spika nzima. Fungu la twita ni wati chache tu, kwa kuwa muziki wa kawaida hauipelekei zaidi ya hapo. Kwa hiyo swali langu lilikuwa limekosea mlango. Sikupaswa kuuliza wati 60 zimeishindaje spika ya 100. Nilipaswa kuuliza ni kitu gani kiliipelekea twita chakula kisicho chake.

Wimbi lililokatwa kichwa

Kila amplifaya ina dari. Ikishafika kwenye volti zake za mwisho haina pa kupanda, na wimbi lililotakiwa kuwa na kilele cha mviringo linatoka limefyekwa, bapa kama meza. Ukizidi kuzungusha nobu, kilele hakipandi. Meza ndiyo inayopanuka.

Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Wimbi bapa hubeba nguvu mara 2 ya wimbi la mviringo lenye kimo hichohicho, kwa hiyo zile wati 120 za kitabuni zinaanza kutembea kuelekea 240. Hilo nililijua kijuujuu. La pili ndilo lililonikamata.

Muziki mzima hupumua. Ngoma inapiga, panakuwa na mwanya, sauti ya mwimbaji inapanda, inashuka. Wastani wa nguvu yake huwa sehemu ya kumi ya kilele, na mara nyingi chini ya hapo, ndiyo maana koili hupata nafasi ya kupoa kati ya pigo na pigo. Lakini ukiongeza sauti wakati vilele vikubwa vimeshagota darini, vidogo bado vina nafasi, vinaendelea kupanda. Trebo ni miongoni mwa hao wadogo. Inakua, inakua, huku ule ufyekaji wenyewe ukizaa sauti kali za juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo, na zote zinaelekezwa kwenye kile kipete cha unywele. Mwanya wa kupumua umekwisha.

Basi fundi alikuwa na nusu ya ukweli. Udogo wa amplifaya haukuua kitu. Kilichoua ni mkono ulioendelea kuzungusha baada ya amplifaya kuishiwa, na kwa mkono uleule, amplifaya ya wati 300 ingeniulia zote nne kabla shemeji hajashusha kidole.

Jibu hilo lilinipa usingizi kwa siku mbili. Siku ya tatu likazaa swali jingine: na kwa nini niliendelea kuzungusha?

Sanduku lasema 1,000

Kwanza nililaumu sanduku. Lilikuwa limeandikwa "1000 W" kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa ng'ambo ya barabara, na mimi nilikuwa nikiendesha boti nikiamini nina akiba ya kutosha.

Hesabu yake inafanyika bila hata kuiwasha. Nyuma ya ile amplifaya kulikuwa na fyuzi ya ampea 30. Ampea 30 mara volti 14.4 za oltaneta ikiwa inachaji ni wati 432 zinazoingia. Ilikuwa ya mtindo wa zamani, klasi AB, ambayo hugeuza karibu nusu ya inachokula kuwa joto. Inayobaki ni kama 240. Elfu moja ilikuwa ya wino tu.

Siku hizi nikiona namba kubwa naigeuza nyuma nisome fyuzi. Kisha natafuta kama wati zimepimwa kwa kiwango cha CTA-2006, kilichoitwa CEA-2006 zamani, kinachotaka kipimo kifanywe kwa volti 14.4, mzigo wa omu 4, na mkwaruzo usiozidi asilimia 1. Wasipokitaja, nafunga ukurasa.

Volti iliyopotea njiani

Lakini hata hizo 240 sikuwa nazo, kwa sababu hakuna amplifaya inayoishi kwa volti 14.4 kila wakati.

Nilichukua mita, nikawasha muziki boti ikiwa imetulia na injini imezimwa, kama tunavyokaa sisi mara nyingi tukimngoja mtu avae ubao. Kwenye vichwa vya betri nikapata 12.4. Nikaenda kwenye amplifaya, mita 6 mbele, nikagusa mahali waya unapoingilia. Kila besi ilipopiga, namba ilianguka hadi 11.5 na kurudi, kama mtu anayekaa na kuinuka.

Karibu volti nzima ilikuwa ikipotelea kwenye waya. Ulikuwa wa milimita mraba 8, nene machoni pangu siku niliyoufunga. Nilisahau kwamba umeme unakwenda na kurudi: mita 6 ni mita 12. Na nguvu ya amplifaya ya aina ile hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kutoka 14.4 hadi 11.5 unapoteza zaidi ya theluthi moja. Dari yenyewe inashuka. Pale ambapo jana ulisikiliza bila tatizo, leo unafyeka vichwa bila kugusa kitu.

Kinachoudhi ni kwamba sikio halikuambii. Kupoteza theluthi ya nguvu ni takriban desibeli 2 tu. Unahisi muziki umefifia kidogo, mkono unakwenda kwenye nobu wenyewe, na pale juu mnarani kipete kinaanza kuiva.

Waya mpya ni wa milimita mraba 35, shaba iliyopakwa bati ili chumvi na unyevu visiule kwa ndani. Betri ya muziki nimeitenga na ya kuwashia injini. Kupima tena nilipata pengo la robo volti. Nilifurahi kama mtoto, halafu nikakumbuka kwamba sijajibu swali.

Hesabu ya mita 20

Nilizungusha kwa sababu nilimwona shemeji yuko mbali.

Ndiyo kazi ya spika za mnara. Za ndani ya boti zinamtosha aliyeketi. Za mnarani zinatakiwa kumfikia mtu aliye mwisho wa kamba, juu ya kelele za injini na maji. Hilo kila mwenye boti ya aina hii analijua. Nisichokuwa nimekifanya ni kukaa na kalamu.

Hadharani, ambako hakuna kuta za kuirudisha sauti, kila umbali unapoongezeka mara 2 unapoteza desibeli 6. Mita 1, 2, 4, 8, 16, na kidogo juu yake: ukifika mita 20 umepoteza 26. Sasa geuza hesabu. Kuongeza wati mara 2 kunakupa desibeli 3 tu. Ili shemeji asikie kwenye mita 20 kile ambacho mtu wa mita 1 anakisikia kwa wati 1, zinahitajika wati 400.

Mia nne, kwa moja.

Niliiangalia ile karatasi nikacheka peke yangu. Wiki nzima nilikuwa nikilinganisha amplifaya na spika, wati hizi na wati zile, kama mtu anayechagua viatu kwa kulinganisha cha kulia na cha kushoto bila kuangalia safari.

Karatasi haikuishia hapo. Mpwa wangu anakaa kama mita 2 kutoka mnarani. Kati ya mita 2 na mita 20 kuna desibeli 20. Kwa hiyo baba yake akipata 80 kule nyuma, ambayo si nyingi kwa mtu anayepigwa na upepo masikioni, mtoto kwenye kiti anapata 100. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mfanyakazi asikae kwenye 85 zaidi ya saa 8, na muda huo unakatwa nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka. Ukifuata ngazi hiyo, 100 ni dakika 15.

Duru zetu ni za dakika 20, na huwa tunapiga nne au tano kwa siku.

Programu ya simu si kipimo cha maabara, lakini niliiweka kwenye kile kiti, muziki ukiwa kwenye kiwango chetu cha kawaida, ikasoma 101. Nikakumbuka viganja viwili, na ile ishara yangu ya "vumilia". Sikuandika chochote siku hiyo.

Mimi nilipokaa kwenye kamba

Jumamosi iliyofuata nilimwachia shemeji usukani, nikavaa ubao mimi. Si kwa ajili ya mchezo. Nilitaka kusikia ninachomsikilizisha.

Spika tatu zilizobaki zilikuwa zikilia kwa nguvu, najua, maana nilikuwa nimeziwasha mwenyewe. Nikasimama juu ya maji, nikatulia, nikasikiliza.

Besi haikuwepo. Sisemi ilikuwa ndogo, haikuwepo kabisa. Ile dum-dum inayotikisa viti ndani ya boti ilikuwa imebaki ndani ya boti. Kilichonifikia ni sauti ya mwimbaji, kwa vipande, na yale matoazi ya juu, tsi-tsi-tsi, na juu ya vyote upepo wangu mwenyewe ukinguruma masikioni. Nilipogeuza kichwa kidogo, maneno yakaeleweka. Nilipokirudisha, yakapotea.

Yaani sehemu kubwa ya wati zangu ilikuwa ikitumika kusukuma kitu kisichofika. Na besi ndiyo mlaji mkubwa: ukishuka oktavu moja, yaani hezi zikipungua nusu, koni inatakiwa itembee mara 4 zaidi ili kutoa sauti ya nguvu ileile. Spika ya sentimita 20 ndani ya ganda dogo, hewani, bila ukuta nyuma yake, inajaribu kupiga hezi 50. Inajiua bure, na inaifikisha amplifaya darini kabla trebo na sauti ya mtu hazijapata zamu.

Nilipopanda botini, natetemeka kwa maji, nikamweleza shemeji hayo yote kwa pumzi moja. Nikamalizia kwa kumwomba radhi kwamba siku ile alinionyesha kidole kuomba muziki na mimi nikamuunguzia spika.

Akanitazama.

"Muziki gani, shemeji? Mimi nilikuwa naomba mwendo."

Kidole gumba juu ni mwendo. Ni ishara ya kwanza anayofundishwa mtu yeyote anayevutwa kwa kamba: gumba juu, ongeza, gumba chini, punguza. Ninaijua. Nimewafundisha wengine. Lakini nilikuwa nimefunga mnara mpya wa muziki na nilihitaji mtu ausifie, basi macho yakaona kilichotamaniwa na moyo.

Mpwa alicheka mpaka akashika tumbo. "Mjomba umeunguza spika kwa kidole cha baba!"

Nilichofunga hatimaye

Kabla ya kununua chochote nilifanya ujinga mmoja zaidi, nao nautaja haraka kwa kuwa unaaibisha. Nilijaribu kuiunganisha amplifaya ya zamani kwa briji, chaneli mbili ziwe moja yenye nguvu, halafu nikaibebesha spika mbili sambamba. Spika mbili za omu 4 sambamba ni omu 2. Na kwenye briji kila nusu ya amplifaya inaona nusu ya mzigo, yaani omu 1. Taa nyekundu ikawaka, ikajizima. Nikaiacha ipoe, nikairudisha, ikajizima. Ilikuwa na akili kunizidi.

Safari hii sikuanza na wati. Nilianza na wepesi wa spika: inatoa desibeli ngapi kwa wati 1, ukisimama mita 1. Zangu za zamani ziliandikwa 89. Nikatafuta zenye twita ya honi, ile inayosukuma sauti kupitia mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta, na nikapata za 95. Tofauti ya 6 inaonekana kama chenji ya mfukoni. Ni mara 4 ya wati. Spika hiyo kwa wati 60 inafanya kazi ambayo ya zamani ingeidai 240, bila waya mnene zaidi, bila betri kubwa zaidi, bila joto.

Na honi inaelekeza. Sauti zake za juu zinakwenda inakotazama, kwa hiyo nimezielekeza kwenye mwisho wa kamba, na zinapita juu ya kichwa cha mpwa wangu.

Nikanunua mbili tu. Fundi aliniuliza kama nimeishiwa.

Amplifaya ni ya chaneli mbili, klasi D, ile isiyopoteza nguvu nyingi kwa joto, wati 125 kwa chaneli kwenye omu 4. Kila spika na chaneli yake, hakuna kugawana. Faida yake inaonekana hata kwenye waya wa spika unaopanda ndani ya bomba la mnara: milimita mraba 1.5 kwa mita 8, kwenda na kurudi, hula karibu asilimia 8 ya nguvu mzigo ukiwa omu 2, na nusu tu ya hiyo mzigo ukiwa omu 4. Kichujio nimekiweka hezi 100; chini ya hapo mnara hauimbi. Mbili za zamani nimezishusha ndani zitutazame sisi tulioketi, zinalia taratibu kwa ile amplifaya kuukuu, na mnara una nobu yake peke yake.

Amplifaya ya spika za 100 ni ya 125, ndiyo. Kubwa kuliko spika. Nilisita kuliandika hili kwa sababu linamfanya fundi aonekane alishinda. Lakini sikununua 125 ili nizitumie. Nilizinunua ili dari iwe juu ya mahali ninaposimama.

Bisibisi

Kuna skrubu ndogo pembeni ya amplifaya za aina hii, geini, ambayo nusu ya watu wanadhani ni sauti nyingine ya akiba. Mimi nilikuwa kwenye nusu hiyo. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio inayoilisha, ili zote mbili zifike mwisho wao kwa wakati mmoja.

Nilifanya asubuhi, boti ikiwa nchi kavu, hakuna mtu. Nikachomoa nyaya za spika. Nikaweka toni ya majaribio ya hezi 1,000 kwenye redio, sauti robo tatu, injini inanguruma ili volti ziwe za kweli, mita kwenye volti za AC. Hesabu nilishaiandika kwenye kiganja: wati 100 mara omu 4 ni 400, kipeuo chake cha pili ni 20. Nilitaka volti 20.

Skrubu ile ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ni nyepesi mno. Nikaigusa, mita ikasema 9. Nikaisukuma kwa upana wa uzi, 14. Uzi mwingine, ikaruka 24. Nikarudi, 17. Jasho limeanza kunitiririka kwenye nyusi kwa kazi ya kuzungusha skrubu moja. Nikaiacha bisibisi, nikafuta mikono kwenye suruali, nikashika tena, nikapumua, nikagusa kama mtu anayemwamsha mtoto. 20.1.

Nikaacha hapo. Chaneli ya pili ilichukua muda uleule.

Wenye vifaa vya kutazama umbo la wimbi watasema mita haioni mkwaruzo, na ni kweli. Inanitosha.

Ngamani

Hili lilikuwa nje ya swali langu, lakini nililigundua nikiwa nimelala chali chini ya kiti na sitaki kulinyamazia. Amplifaya ya zamani ilikuwa ndani ya chumba cha injini. Niliifunga humo kwa sababu palikuwa na nafasi.

Injini ni ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautafuti dirisha, unatafuta chini. Tezi na omo, marejeo ni ngamani, na petroli nayo hufuata njia hiyohiyo. Kifaa chochote cha umeme kinachokaa humo kinatakiwa kiwe kimetengenezwa kisiweze kuwasha mvuke, na amplifaya yangu haikuwa hivyo. Ilikuwa na swichi ndani inayolia "tak" kila inapowaka, na kila "tak" inaweza kuwa cheche. Nimeishi nayo misimu miwili.

Sasa ipo chini ya kiti, imesimama wima, mapezi yake ya kupoozea yanapata hewa.

Fyuzi ya waya mkuu nayo nilikuwa nimeiweka karibu na amplifaya, upande wa mbali. Fyuzi hiyo inalinda waya, na waya unaanzia kwenye betri. Kanuni ya msingi ya ABYC, baraza la Marekani la viwango vya boti, ni sentimita 18 kutoka kwenye chanzo, ingawa wanaruhusu zaidi waya ukiwa ndani ya ala. Yangu ilikuwa mita 6. Nimeisogeza.

Rangi ya kucha

Jumapili iliyopita tulitoka tena. Nilimkalisha mpwa wangu kiti cha nyuma na simu mkononi, nikaanza kupandisha nobu ya mnara polepole. Alikuwa ananisomea namba kama mtangazaji wa mpira. Aliposema 88, akasema pia, bila kuulizwa, "Hapa basi, mjomba." Akatoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni, nyekundu, akachora mstari kwenye nobu na mwingine kwenye paneli, ikutane.

Shemeji akashika kamba. Akasimama. Mita 20, ubao unachana maji, jua liko nyuma yake. Nilikuwa natazama mdomo wake kwenye kioo kujua kama anaimba, na kwa umbali ule huwezi kujua.

Akaachia mkono mmoja. Kidole gumba juu.

Mkono wangu ulikwenda kwenye nobu. Naapa ulikwenda wenyewe. Nikaona wekundu wa ile rangi, nikauhamisha, nikasukuma leva ya mafuta.

Alikwenda vizuri kwa muda, akavuka wimbi moja, akavuka la pili, la tatu likamgeuza akaanguka kichwa kwanza. Nikazunguka kumfuata. Alikuwa anaelea kwenye jaketi lake, anatema maji, anatikisa kichwa upande mmoja.

"Mbona mmezima muziki?" akauliza.

Ulikuwa unalia juu ya vichwa vyetu, palepale kwenye mstari. Mpwa wangu akanitazama, mimi nikamtazama yeye, na baba yake akaendelea kutikisa kichwa, maji yakimtoka sikioni.